Daftari la maji ya tumbaku: jinsi ya kukadiria na kumwagilia wakati misimu inabadilika

Tumbaku huhitaji milimita 400 hadi 600 za maji tangu siku ya kupandikizwa hadi jani la mwisho kuchumwa. Namba hiyo imo katika majedwali ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, tangu 1979 na haijawa na kosa. Shida ni kwamba haimsaidii mtu aliyesimama shambani wiki ya saba, siku ya kumi na moja bila tone la mvua, akijiuliza afungulie maji leo au alisubiri wingu lile lililoanza kujikusanya. Jumla ya msimu ni kama mshahara wa mwaka: ni vizuri kuujua, lakini njaa huja kwa wiki.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kuandika daftari. Maji yanayoingia upande mmoja yanaandikwa, yanayotoka upande wa pili yanaandikwa, na uamuzi wa kumwagilia unatokana na salio. Zamani wengi walimwagilia kwa kalenda na mambo yakaenda, kwa sababu mvua ilikuja karibu na tarehe zake. Kalenda hiyo sasa inachelewa, au inakatika katikati, au inamwaga ya wiki tatu kwa usiku mmoja.

Vifaa: kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini la siku, kipima mvua, beleshi, kikokotoo na daftari lenyewe. Na kipimo kimoja cha kukariri: milimita 1 ya maji ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani mita za ujazo 10 kwa hekta.

Hatua ya 1: Jua kiu ya hewa

Kabla ya kuuliza tumbaku inataka nini, uliza hewa inanyang'anya nini. Wataalamu hupima kiasi cha maji ambacho hewa ingekivuta kwa siku kutoka kwenye uwanja wa nyasi fupi zilizoshiba maji. Wao hukiita evapotranspiresheni ya rejea; mimi nitakiita kiu ya hewa. Kanuni inayoaminiwa zaidi ni ya Penman na Monteith, ambayo FAO iliipendekeza katika mwongozo wake wa 1998. Inataka joto, unyevu wa hewa, upepo na mwanga wa jua. Kama kuna kituo cha hali ya hewa karibu kinachotoa namba hizo, zitumie na uruke aya inayofuata.

Mwenye kipimajoto tu atatumia kanuni ya Hargreaves. Chukua wastani wa joto la siku, ongeza 17.8. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha tofauti kati ya joto la juu na la chini. Zidisha kwa nguvu ya jua inayofika juu ya angahewa mahali pako mwezi huo, ikiwa imegeuzwa kuwa milimita (majedwali yake yamo katika mwongozo huohuo wa FAO, kwa latitudo na mwezi). Mwisho zidisha kwa 0.0023. Mfano: joto la juu 31, la chini 17, wastani 24, na jua la milimita 15.5 kwa siku. Tofauti ni 14, kipeuo chake 3.74. Basi 0.0023 × 41.8 × 3.74 × 15.5 ni milimita 5.6 kwa siku.

Sasa ongeza digrii 2 juu na chini, kama vile hali ya hewa imekwisha kupanda. Jibu linakuwa 5.8. Ongezeko ni kama asilimia 5 tu. Wengi hushangaa hapa, maana walitarajia janga. Lakini kanuni hii haioni upepo wala ukavu wa hewa, na hapo ndipo penye hatari. Kila digrii moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Mvuke wenyewe usipoongezeka kwa kiasi hicho, hewa hubaki na nafasi tupu kubwa, na huijaza kwa kunyonya majani na udongo. Siku za upepo mkavu, hesabu ya kipimajoto peke yake itakudanganya kwa kupunguza. Njia rahisi ya kuirekebisha ni sinia la uvukizi: lile la kawaida, la Daraja A, lina kipenyo cha sentimita 120.7 na kina cha sentimita 25. Pima maji yanavyopungua kila asubuhi, ondoa mvua iliyoingia, kisha zidisha kwa takribani 0.7.

Utasikia pia kwamba kaboni dayoksaidi ikizidi hewani, mmea hubana vinyweleo vya majani na kutumia maji kidogo. Ni kweli, na tumbaku imo katika kundi la mimea inayoitikia hivyo. Ila jani lililobana vinyweleo hupata joto zaidi, na mmea unaoshiba kaboni huweza kutanua majani makubwa yanayotoa maji mengi. Mimi siuweki punguzo hilo kwenye daftari.

Hatua ya 2: Zidisha kwa umri wa zao

Mche uliopandikizwa jana hautumii maji sawa na mmea unaokaribia kutoa ua. Kiu ya hewa huzidishwa kwa namba ya umri. Siku 20 za mwanzo ni 0.3 hadi 0.4. Siku 30 zinazofuata, mmea unapojaza nafasi, 0.7 hadi 0.8. Kilele, siku kama 35, ni 1.0 hadi 1.2. Baada ya hapo namba hushuka polepole kadiri majani ya chini yanavyochumwa, hadi 0.75 hivi mwishoni.

Tukitumia kiu ya 5.6 msimu mzima kwa urahisi wa mfano: siku 20 kwa 0.35 ni milimita 39. Siku 30 kwa 0.75 ni 126. Siku 35 kwa 1.1 ni 216. Siku 25 za mwisho kwa 0.85 ni 119. Jumla 500. Tumeangukia katikati ya namba ya FAO.

Rudia na kiu ya 5.84, ile ya joto lililoongezeka. Unapata 521. Lakini joto pia huharakisha zao; likikata siku nne za kilele, unaokoa milimita 26 na jumla inarudi karibu na pale ilipoanza. Ndiyo sababu sipendi mjadala wa jumla ya msimu. Kinachobadilika ni mahitaji ya siku moja ya kilele, kutoka milimita 6.2 kwenda 6.4, na zaidi upepo ukiwa mkavu, yakiangukia msimu ambao mvua yake haina mpangilio.

Hatua ya 3: Pima ghala la udongo

Chimba shimo la nusu mita au zaidi kando ya mmea uliokomaa wa msimu uliopita, uone mizizi imefika wapi. Tumbaku ina mzizi mkuu mzuri, lakini sehemu kubwa ya maji huvutwa kutoka sentimita 30 za juu, hasa kama kuna tabaka gumu la jembe chini yake. Kina unachokihesabu ni kile ulichokiona kwa macho, si cha kitabuni.

Udongo wa kichanga hushika milimita 60 hadi 100 za maji yanayotumika na mmea kwa kila mita ya kina. Tifutifu la kichanga, ambalo tumbaku hulipenda zaidi, hushika 100 hadi 150. Chukua 120 kwa mita na mizizi ya sentimita 60: ghala lako ni milimita 72. Mmea hauwezi kulifagia lote bila kuumia. Unaruhusu nusu, yaani 36. Kwa matumizi ya 6.2 kwa siku, hizo ni siku tano na nusu hadi sita. Siku za joto kali punguza kidogo tena, kwa kuwa mizizi hushindwa kuvuta kwa kasi inayodaiwa na hewa hata kama nusu bado imo ardhini.

Sasa linganisha na kipindi kikavu cha siku 12 katikati ya mvua. Matumizi ni milimita 74. Ghala lote, pamoja na ile nusu usiyotakiwa kuigusa, limeisha.

Hatua ya 4: Hesabu mvua, lakini usiiamini

Kwa makadirio ya mwezi, FAO ina kanuni nyepesi ya mvua inayofaa. Mwezi wa zaidi ya milimita 75, zidisha kwa 0.8 kisha toa 25. Chini ya hapo, zidisha kwa 0.6 na utoe 10. Mwezi wa milimita 120 hukupa 71. Mwezi wa 50 hukupa 20. Ni nzuri kwa kupanga ukubwa wa bwawa.

Haifai kwa kuamua Jumanne ufanye nini. Milimita 120 zinazokuja kwa dhoruba tatu si sawa na zilizonyesha mara kumi na tano. Ardhi yenye nafasi ya milimita 20 ikipigwa na mvua ya 60, arobaini hutiririka au huzama chini ya mizizi pamoja na naitrojeni ya mbolea yako. Hivyo kwenye daftari la siku andika mvua isiyozidi pengo lililopo, yaani maji yaliyopungua ghalani, na mvua ya chini ya milimita 5 katika siku ya jua mimi huiandika sifuri. Imelowesha majani tu.

Hatua ya 5: Andika salio kila asubuhi

Anza siku ambayo udongo umeshiba na maji ya ziada yameshachuruzika. Pengo ni sifuri. Kila siku ongeza matumizi ya zao, toa mvua iliyofaa. Siku ya kwanza 6.2, ya pili 12.4, ya tatu 18.6, ya nne 24.8, ya tano 31. Kesho yake utavuka 36, kwa hiyo leo ndiyo siku ya maji.

Usijaze lote. Kama msimu bado una uwezekano wa mvua, weka 25 na uache pengo la milimita 6 hivi, au zaidi ikiwa utabiri wa siku mbili zijazo unatisha. Tumbaku hustahimili kiu zaidi kuliko inavyostahimili kuzama. Mizizi iliyofunikwa na maji kwenye joto huanza kufa ndani ya siku moja au mbili, na jua likitoka baada ya mvua kubwa utaona shamba zima limelala kana kwamba limenyimwa maji. Matuta marefu na mitaro inayotoa maji nje ni sehemu ya umwagiliaji, ingawa wauzaji wa mabomba hawakutajii.

Hizo milimita 25 ni za kwenye mizizi. Kwa matone, ambako asilimia 90 hufika, utatoa mita za ujazo 280 kwa hekta. Kwa mifereji kati ya matuta, ambako ni kama asilimia 60, utatoa karibu 420. Mvua bandia ya mabomba ipo katikati, asilimia 75. Nayo huacha majani yakiwa mabichi, jambo ambalo magonjwa ya ukungu hulishukuru.

Daftari hupotoka kidogo kila wiki. Mara moja kwa wiki chimba sentimita 20 na 40, chukua udongo, ukamate kiganjani. Tifutifu la kichanga likifanya donge linaloshikana vizuri, lina maji ya kutosha. Donge likivunjika kwa kuguswa, umefika nusu. Lisipofanyika kabisa, umechelewa. Ukikuta daftari na kiganja vinabishana, amini kiganja na usahihishe daftari.

Hatua ya 6: Fuata tabia ya mmea

Kitaluni sina mengi: lowesha mara nyingi kwa kiasi kidogo, kisha punguza siku kama kumi za mwisho ili miche ikomae.

Siku ya kupandikiza ardhi iwe imeshiba mapema, siyo kavu juu ya ahadi ya mvua. Mizizi ya mche ipo sentimita 20 tu, na ghala lake ni milimita 24 kwenye udongo wa mfano wetu. Mche uliokosa maji wiki ya kwanza hauleti hasara ya mche mmoja. Huleta shamba la marika mawili, linalochumwa na kukaushwa kwa shida.

Ukishashika, unyime. Kwa wiki tatu au nne tumbaku inayoonjeshwa kiu kidogo husukuma mizizi chini, na mizizi hiyo ndiyo bima yako ya kipindi kikavu kitakachokuja. Wanaomwagilia kila siku mbili katika umri huu, kwa huruma, wanafundisha mizizi kukaa juu. Ruhusu asilimia 60 ya ghala itumike kabla ya kumwagilia. Alama ya kuangalia si kunyauka saa saba mchana. Hapo hata mmea wenye maji hulegeza majani. Angalia alfajiri. Majani yakiwa bado yamelegea jua linapochomoza, mwagilia siku hiyohiyo. Yakilegea huku udongo umelowa, tatizo ni mizizi iliyozama au mnyauko wa bakteria, na maji zaidi yataongeza ugonjwa na kuusambaza kwa mfereji.

Kuanzia mmea ufikapo magotini hadi kukata ua ndipo pasipo na mzaha. Mmea hujenga sehemu kubwa ya majani yake kwa wiki chache hizi. Kiu hapa hutoa majani mafupi, mazito, yenye nikotini nyingi, na maji yakija baadaye hayalirefushi jani lililokwisha kukaza. Maji yakizidi hutoa jani pana, jembamba, lisilo na uzito, na huosha naitrojeni. Mwenye maji ya kumwagilia mara tatu tu msimu mzima azihifadhi karibu zote kwa kipindi hiki.

Baada ya kukata ua na kuondoa maotea, legeza. Jani huiva vizuri likipata kiu ya wastani. Hatari mpya ambayo misimu hii inaileta ni ukame mrefu unaofuatwa na mvua ya kuchelewa: mmea hufyonza naitrojeni iliyokuwa imelala kwenye udongo mkavu, majani yaliyoanza kuwa ya manjano yanarudi kuwa ya kijani, na kuiva kunasogea wiki kadhaa. Umwagiliaji wa kilele uliofanywa kwa wakati husaidia pia hapa, kwa kuwa mbolea inakuwa imeliwa mapema. Mbolea ya kukuzia iliyowekwa wakati wa ukavu bila maji ya kuiyeyusha ni deni litakalodaiwa mwishoni.

Hatua ya 7: Pima kloridi ya maji

Hatua hii hurukwa, nami nisingependa iwe hivyo. Tumbaku hukusanya kloridi katika majani, na jani lenye zaidi ya asilimia 1 hivi huwaka vibaya na hushika unyevu ghalani. Ndiyo maana mbolea ya kloridi ya potasiamu hukwepwa katika zao hili. Lakini mtu anaweza kununua mbolea ya salfeti kwa bei ya juu, kisha akaileta kloridi kwa bomba.

Fanya hesabu. Maji yenye miligramu 50 za kloridi kwa lita yanaonekana matamu na salama, na kwa kunywa ni safi. Ukiweka milimita 300 kwa msimu, ni mita za ujazo 3,000 kwa hekta, zenye gramu 50 kila moja: kilo 150 za kloridi. Miongozo ya mbolea za tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto, huweka mwisho wa kama kilo 30 kwa hekta. Mvua nzuri huosha sehemu ya chumvi hiyo, ila msimu unaokulazimisha kumwagilia zaidi ndio usio na mvua ya kuosha, na ndio ambao mto umepungua na chumvi yake imekolea. Pima mwishoni mwa kiangazi, siyo maji yakiwa mengi.

Hatua ya 8: Uliza chanzo kama kinaweza

Kilele cha milimita 6.2 ni mita za ujazo 62 kwa hekta kwa siku kwenye mizizi. Kwa matone utahitaji kutoa 69, kwa mifereji 103. Pampu ikifanya kazi saa kumi, hizo ni lita 1.9 kwa sekunde kwa matone, na lita 2.9 kwa mifereji, kwa kila hekta. Kipime chanzo kwa ndoo na saa katika mwezi wake mbaya.

Bwawa nalo hunywa. Lenye uso wa mita za mraba 500 likipoteza milimita 6 kwa siku, siku 110 ni mita za ujazo 330, bila kuhesabu yanayozama chini. Ni maji ya kumwagilia hekta moja mara moja, yamepaa. Ukichimba, chimba kina zaidi na upana kidogo.

Hatua ya 9: Jaribu daftari kwa miaka mibaya

Tafuta takwimu za mvua na joto za siku kwa miaka kumi ya karibuni. Endesha daftari lako kwenye kila mwaka, kuanzia tarehe unayopandikizia. Kwa kila mwaka andika vitu viwili: kipindi kikavu kirefu zaidi kati ya wiki ya tano na ya tisa, na maji ambayo ungelazimika kuyatoa. Kisha rudia ukisogeza tarehe ya kupandikiza wiki mbili mbele na wiki mbili nyuma. Mara nyingi tarehe tofauti hupunguza mahitaji kuliko bomba jipya. Wastani usiujali, panga kwa mwaka wa pili kwa ubaya, na uongeze asilimia 5 hadi 10 kwa joto linaloendelea kupanda.

Hapo utajua pia kama maji hayo yaende kwenye tumbaku kweli. Mahindi hutaka milimita 500 hadi 800, kwa hiyo tumbaku si mlafi kuliko mengine, lakini haisameheki kirahisi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa 2003, una kifungu cha 17 kinachozitaka nchi kuwasaidia wakulima wanaotaka kuhamia mazao mengine. Daftari hili hili, ukibadilisha namba za hatua ya 2, litakuonyesha zao gani linatoshea kwenye ghala na chanzo ulichonacho.

Ukibaki na tumbaku, gawanya kile chanzo kinachoweza kutoa kwa kile kilele kinachodai. Chanzo cha mita za ujazo 50 kwa siku, kwa matone, kinahudumia hekta 0.7. Andika eneo hilo kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kusia mbegu, maana miche ikishasimama kitaluni hakuna anayekubali kuitupa.